UZI: Siku kumi Périgord, Ufaransa ya mashambani. Mapango, ngome na mto Dordogne

#1 Mkanyaga Mawe (mwenye uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kazi yangu ni kuongoza watalii, Karatu na Ngorongoro, mwaka wa kumi na mbili sasa. Mwaka juzi niliwatembeza mzee mmoja Mfaransa na mkewe, wakulima wa jozi. Tulipofika Olduvai yule mzee alisimama ukingoni mwa bonde muda mrefu hasemi kitu, kisha akaniambia, "Kwetu nako wapo watu wa kale. Njoo uwaone." Nikadhani ni maneno ya safari tu. Mei iliyopita nililala siku kumi nyumbani kwao.

Sitaandika habari za Paris. Paris nilipita stesheni hadi stesheni. Nataka kuwaeleza kuhusu Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa, eneo ambalo kiserikali linaitwa Dordogne kwa jina la mto wake. Wenyeji wanaligawa kwa rangi nne: la kijani, jeupe, la zambarau na jeusi. Nilikaa Périgord Noir, yaani jeusi, kwa sababu ya misitu ya mialoni iliyofunga hadi ukiitazama kwa mbali ni giza tupu. Chini ya misitu hiyo ni mawe ya chokaa, na chokaa hiyo maji yameitoboa kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana kila unakogeuka kuna pango.

Kijiji changu kilikuwa Les Eyzies, kando ya mto Vézère. Kimekaa chini ya jabali, na nyumba nyingine ukuta wake wa nyuma ni mwamba wenyewe. Hapo ndipo mwaka 1868 vibarua wa reli walipofukua mifupa kwenye pango dogo liitwalo Cro-Magnon. Wale hawakuwa zamadamu kama Zinjanthropus wetu. Walikuwa watu kamili kama mimi na wewe. Katika bonde hilo la Vézère UNESCO iliorodhesha maeneo 15 kwa mpigo mwaka 1979, yote karibu karibu.

Nitashusha kwa vipande, leo naanza na pango la Lascaux.

Tarehe 12 Septemba 1940, nchi imeshatekwa na Wajerumani, vijana wanne waliingia kwenye shimo msituni juu ya mji wa Montignac. Marcel Ravidat alikuwa na miaka 18, fundi makanika mwanafunzi, na ndiye aliyekuwa ameligundua shimo siku chache kabla. Wenzake walikuwa Jacques Marsal, Georges Agniel na Simon Coencas. Walishuka na taa, wakainua macho, wakakuta ng'ombe-mwitu wakubwa wamechorwa juu ya vichwa vyao. Mmoja ana urefu wa zaidi ya mita tano. Farasi, kulungu, ng'ombe, wote wanakimbia ukutani tangu miaka kama 17,000 iliyopita.

Kilichonigusa mimi kama mtu wa kazi hii ni kwamba Ravidat na Marsal walipiga hema mlangoni kulilinda pango watu wasiliharibu. Vita vilipoisha na pango likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, wote wawili wakawa waongozaji pale. Coencas alikuwa Myahudi, wazazi wake walipelekwa Auschwitz na hawakurudi. Yeye alifariki mwaka 2020, wa mwisho kati ya wanne.

Sasa jambo lenyewe. Walikuwa wanaingia watu zaidi ya elfu moja kwa siku. Pumzi zao, jasho lao na taa vikaanza kuliua pango. Mwani wa kijani ukaota kutani, na chokaa nyeupe ikaanza kufunika rangi. Mwaka 1963 André Malraux, waziri wa utamaduni, akaagiza lifungwe. Halijafunguliwa hadi leo. Tunachoingia sisi ni nakala.

Naendelea kesho jioni.

#2 Kolo Juu

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni mtu wa Kondoa. Yaani mtu alipe viza, alipe ndege, asafiri hadi huko, halafu aoneshwe nakala? Kwetu Kolo unapanda kilima, unasimama mbele ya mchoro wenyewe, aliyeuchora ameugusa mwamba uleule unaouona. Naomba unieleze ulijisikiaje, kwa ukweli.

#3 Dereva wa Usiku

Niko hapa, nimeketi. Swali moja tu kutoka Nairobi: kule mashambani bila gari unaweza? Na kuendesha upande wa kulia si balaa?

#4 Mkanyaga Mawe

@Kolo Juu, swali lako nililibeba mimi mwenyewe mlangoni, ndugu yangu, na nitakujibu kwa ukweli.

Nakala ya kwanza, Lascaux II, ilifunguliwa mwaka 1983, mita 200 hivi kutoka pango halisi. Mchoraji Monique Peytral alitumia karibu miaka kumi kuchora upya kwa rangi za udongo na madini ya aina ileile ya wale wa kale. Kubwa zaidi, Lascaux IV, ilifunguliwa Desemba 2016 chini ya kilima, na inaonesha karibu sehemu zote zilizochorwa. Ndani wameweka ubaridi wa pango, nyuzi kama 13, na giza lake. Nilijiandaa kudharau. Kisha mwongozaji akazima taa, akawasha mwanga dhaifu unaotikisika kama wa utambi wa mafuta, na ng'ombe wakatembea. Mchoraji wa kale alitumia maumbo ya mwamba: penye uvimbe akaweka bega, penye ufa akaweka mgongo. Mwanga ukicheza, mnyama anahema. Nakala imeuiga hata uvimbe huo kwa vipimo vya kompyuta.

Kwa hiyo nililia? Hapana. Nilijifunza mengi, lakini mwili wangu ulijua kwamba ukuta ule umetengenezwa. Siwezi kukudanganya.

Lakini tukumbuke ya kwetu. Nyayo za Laetoli, zile za miaka milioni 3.6 na zaidi alizozipata Mary Leakey na timu yake mwaka 1978, ziko wapi leo? Zimefukiwa. Mizizi ya miti ilianza kuzipasua, wataalamu wakazifunika upya miaka ya tisini, na mgeni anaoneshwa nakala kwenye makumbusho ya Olduvai. Mimi husimama mbele ya nakala ile kila wiki nikieleza, na mgeni akinuna huwa najikuta namwomba radhi. Baada ya Lascaux nimeacha kuomba radhi. Nawaeleza kwa nini zimefukiwa, nani alifanya kazi hiyo na udongo umewekwa vipi, na nimeona wageni wanasikiliza hiyo kwa makini kuliko nyayo zenyewe.

@Dereva wa Usiku: bila gari unaweza kufika, kuzunguka ndiyo kazi. Kutoka Paris kuna treni ya kupitia Limoges hadi Brive, au ile ya kasi hadi Bordeaux kwa saa mbili hivi kisha treni ndogo hadi Sarlat. Les Eyzies yenyewe ina stesheni, treni ya Périgueux inapita. Ila mabasi ya vijijini ni machache mno, na pango na pango ni kilomita kadhaa. Mimi nilikuwa na mzee na gari lake. Siku mbili aliniachia niendeshe, na upande wa kulia unazoea kwa nusu saa. Kinachotaka umakini ni sheria ya kumpisha anayetokea kulia kwenye njia panda isiyo na alama. Mtu anatoka kwenye kichochoro cha shamba na haki ni yake. Chukua leseni ya kimataifa kabla hujaondoka. Na ujaze mafuta mapema, vituo vingi vijijini havina mhudumu, ni kadi tu.

#5 Chakechake2

Assalaam alaykum kaka. Uzi mzuri sana, Mungu akuzidishie. Mimi ni mama wa Pemba, na mume wangu anataka twende Ufaransa mwakani. Nasikia huko mashambani kila kitu kinapikwa kwa mafuta ya bata na mvinyo. Tutakula nini sisi?

#6 Mkanyaga Mawe

Waalaykum salaam dada. Umeambiwa kweli. Bata na bata bukini ndio fahari yao, viazi vinakaangwa kwa mafuta ya bata, na hata maharage yanaweza kuwa nayo. Bata wa mgahawa wa kijijini usitegemee kwamba kachinjwa kwa sharia. Jifunze kuuliza kabla ya kuagiza: "Il y a de la graisse de canard?", yaani kuna mafuta ya bata? Samaki wa mtoni wapo, mayai yapo, na uyoga.

Ila nenda soko la Sarlat, Jumatano au Jumamosi asubuhi, Jumamosi ndilo kubwa. Hapo utakula kwa moyo mweupe: stroberi za Périgord, jozi mbichi na mafuta yake, keki za jozi, asali, mikate. Jibini ya mbuzi ya Rocamadour ni vijiduara vidogo kama kisoda cha chupa kubwa, ila baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, hilo mlitazame kwa msimamo wenu. Mkipangisha nyumba yenye jiko mmemaliza tatizo. Angalizo: maduka mengi hufunga saa sita hadi saa nane mchana, na migahawa ikishapita saa nane hampati chakula mpaka usiku.

Sarlat yenyewe ni mji wa mawe ya rangi ya asali, mapaa ya vibamba vya mawe mazito kiasi kwamba ukitazama mbao zinazoyabeba unaona huruma. Miaka ya hamsini ulikuwa unaanguka. Sheria ya mwaka 1962 ya kulinda mitaa ya kale iliuokoa, na aliyeipitisha ni yuleyule Malraux aliyefunga Lascaux. Huyu bwana namheshimu.

#7 Mama Furaha wa Bdx

Jambo bandugu. Mimi ni wa Bukavu, niko Bordeaux miaka tisa sasa, na nasoma huu uzi nikiona haya kidogo. Miaka tisa! Sarlat ni saa mbili na nusu kutoka kwangu na sijafika. Likizo ikifika tunakwenda baharini ao tunabaki kwa nyumba. Watoto wangu wanasoma habari za Lascaux shuleni, mama yao hajui. Baba Mkanyaga, uniambie pahali pamoja tu pa kupeleka watoto, mmoja ana miaka 7, mwingine 11.

#8 Mkanyaga Mawe

Mama Furaha, usione haya. Mimi nina majirani Karatu hawajawahi kushuka kreta.

Kwa mtoto wa miaka saba, kwanza Rouffignac. Ni pango refu sana, unaingizwa kwa treni ndogo ya umeme, kwa hiyo hachoki. Ndani kuna michoro zaidi ya 150 ya mamothi, tembo wale wa kale wenye manyoya marefu. Na kabla ya michoro utaona mashimo sakafuni na mikwaruzo ukutani: ni dubu walikuwa wakilala humo msimu wa baridi, wakinoa kucha. Hayo si nakala, ni yenyewe. Vaa sweta.

Kisha Castelnaud. Hii ni ngome juu ya mto Dordogne, ndani kuna makumbusho ya vita vya kale na manati makubwa ya kurushia mawe. Ng'ambo, juu ya jabali la mita 150, ipo ngome ya Beynac. Historia yake fupi: mwaka 1152 Eleanor, mrithi wa Aquitaine, aliolewa na Henry aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza miaka miwili baadaye, na nchi hii yote ikaingia kwenye ugomvi wa wafalme. Katika Vita vya Miaka Mia, 1337 hadi 1453, mto ulikuwa mpaka. Beynac ikishika upande wa Wafaransa, Castelnaud kwa muda mrefu mikononi mwa Waingereza, wanaangaliana kila asubuhi. Vita viliamuliwa mtoni huohuo, chini zaidi, kwenye mji ambao hadi leo unaitwa Castillon-la-Bataille.

Namna bora ya kuziona zote ni kwa mtumbwi. Wanakodisha, wanakuchukua kwa gari hadi juu ya mto na unateremka na maji. Mei maji yalikuwa ya baridi lakini tulivu. Nilipita chini ya La Roque-Gageac, kijiji kimebanwa kati ya mto na jabali hadi unajiuliza waliwezaje kulala. Mwaka 1957 kipande cha jabali kilianguka na kuua watu watatu, na walijenga upya palepale. Zamani mashua za mbao bapa ziitwazo gabare zilishusha magogo na mvinyo kuelekea Bordeaux. Siku hizi zinabeba wageni. Mvuvi mmoja alikuwa amesimama na maji kiunoni, akaninyooshea mkono, nami nikamnyooshea. Sikusikia injini hata moja kwa saa nzima.

#9 Dereva wa Usiku

Mkuu hapo kwa mto umenimaliza. Je, ni kweli Josephine Baker aliishi huko? Nyanya yangu alikuwa na picha yake ukutani.

#10 Mkanyaga Mawe

Kweli kabisa, na umeniwahi, kwa sababu hicho ndicho kipande nilichokuwa naogopa kukiandika vibaya.

Ngome ya Château des Milandes iko mbele kidogo ya Castelnaud. Josephine Baker alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906, katika umaskini na ubaguzi, akaja Paris akiwa na miaka 19 na akawa nyota wa dansi na muziki. Aliikodi Milandes kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokuja akafanya kazi ya siri kwa ajili ya wapigania uhuru wa Ufaransa, akibeba taarifa zilizoandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki. Mwaka 1947 akainunua ngome. Akawalea humo watoto kumi na wawili aliowaasili kutoka nchi na rangi mbalimbali. Aliwaita kabila lake la upinde wa mvua, na alitaka dunia ije ione kwamba undugu unaweza kukuzwa.

Agosti 1963 alisimama Washington kwenye maandamano yale ya Martin Luther King, amevaa sare yake ya jeshi la Ufaransa na nishani zake.

Halafu madeni. Ngome ikauzwa, na mwaka 1969 akatolewa. Ipo picha yake ameketi kwenye ngazi za jikoni, nje, amejifunika, mama wa miaka sitini na kitu. Nilifika kwenye ngazi zile. Ni ngazi za kawaida tu za mawe. Mke wa mzee wangu, ambaye alikuwa msichana wa huko miaka hiyo, alikaa pembeni yangu na kusema kwamba watu wa kijiji walimpenda na hawakuweza kumsaidia. Hatukuongea tena mpaka garini.

Novemba 30, 2021 aliingizwa Panthéon, jengo la Paris wanakoenziwa mashujaa wa Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza. Mwili umebaki Monaco alikozikwa mwaka 1975. Jeneza lilibeba udongo wa mahali pane alipopapenda: St. Louis, Paris, Monaco, na Milandes. Udongo wa shamba hilo, wakuu.

#11 Kolo Juu

Mkuu, hapo kwa Baker nimekaa kimya. Lakini hujamaliza swali langu. Umesema Rouffignac si nakala. Basi kuna michoro ya rangi ya asili ambayo mtu bado anaweza kusimama mbele yake?

#12 Mkanyaga Mawe

Ipo, na nimeiweka mwisho makusudi. Font-de-Gaume, mwendo wa miguu kutoka Les Eyzies.

Aliyeitambua michoro yake ni mwalimu wa shule ya hapo kijijini, Denis Peyrony, Septemba 1901, siku chache tu baada ya yeye na wenzake kuiona ya pango jirani la Combarelles. Ni miongoni mwa mapango machache sana yenye michoro ya rangi nyingi ambayo umma bado unaruhusiwa kuingia. Vikundi ni vidogo, na idadi kwa siku ni ndogo. Lazima uweke nafasi mapema, usifike mlangoni ukitumaini. Mkoba unaacha nje, picha hupigi, ukuta hugusi hata kwa bega.

Njia ni nyembamba. Mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alipitisha tochi pembeni ya mwamba na nyati akatokea. Nyati mwekundu na mweusi, na nyuma yake wengine. Na mahali fulani kuna kulungu wawili wa nchi za baridi, dume ameinamisha kichwa na kumlamba jike kwenye paji la uso. Jike amepiga magoti.

Ndugu yangu wa Kondoa, hapo ndipo mwili ulijua. Aliyechora alikuwa amewaona wakifanya hivyo. Alisimama baridini akatazama, na akaona yafaa kuhifadhiwa.

Na nikaelewa kwa nini Lascaux imefungwa. Mle ndani tulikuwa watu wachache tu, na bado niliiona pumzi yangu kwenye mwanga wa tochi. Kuanzia hapo nilipumua kidogo kidogo mpaka tukatoka.

Kolo yako, usiruhusu mtu amwagie maji michoro ili itoke vizuri kwenye picha. Nimewahi kuona hilo likifanyika kwenye mapango ya kwetu, na sikusema kitu. Leo ningesema.

#13 Kolo Juu

Nimekuelewa mkuu. Wazee wetu bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya mapango yale, kwa hiyo kwetu ulinzi una upande mwingine tena. Nitafungua uzi wake. Wewe utakuwa wa kwanza kualikwa.

#14 Chakechake2

Kaka, kuhusu viza kidogo tafadhali.

#15 Mkanyaga Mawe

Dada, ni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya muda mfupi, haizidi siku 90 ndani ya 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Ukilala kwa mwenyeji, yeye anaomba attestation d'accueil, cheti cha kumpokea mgeni, kwenye ofisi ya meya wa kijiji chake na kukutumia karatasi halisi. Mzee wangu ilimchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msianze mwezi wa safari. Ukilala hotelini, uthibitisho wa nafasi unatosha upande huo. Mwezi: Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti vijiji vinafurika, na majira ya baridi baadhi ya maeneo, Rouffignac ikiwemo, yanafungwa.

Mkipata siku moja ya ziada vukeni hadi Padirac, mkoa jirani wa Lot. Ni shimo la duara lenye upana wa kama mita 35, unashuka hadi mita 103 chini ya ardhi, kisha unapanda mashua kwenye mto unaopita gizani. Édouard-Alfred Martel, mtafiti wa mapango, alilishuka shimo hilo mwaka 1889 kwa kamba na ngazi. Siku hizi kuna lifti.

#16 Mama Furaha wa Bdx

Bandugu, narudi na habari. Juma hili tulikwenda. Rouffignac tulipanda treni, kadogo alipiga kelele kwa mamothi wa kwanza kisha akanyamaza kabisa. Milandes nilikaa kwenye zile ngazi, nikamwambia mkubwa wangu yule mama alikuwa nani. Akaniuliza, "Maman, na wale watoto kumi na wawili waliendaga wapi?" Nikamwambia walienda pamoja naye.

Font-de-Gaume tulipata nafasi ya asubuhi, baada ya kutafuta siku nyingi. Tulipofika kwa wale kulungu wawili mwongozaji alikuwa anageuza taa bado, hajasema kitu. Kadogo wangu akanivuta mkono, akaniambia kwa masikio, kwa Kiswahili ili watu wasisikie: "Mama, ona, ana ulimi."